Masini njo inasema? Basi ituonyeshe namna inahesabu

Wandugu wachimbaji, bamama na batoto wa kambi, kuko neno moja lenye siye wote tunalijua. Linasemwa kila mwisho wa mwezi kwa ofisi ya mishahara, na kila siku kwenye depo na kwenye mulango wa kampuni: "Masini njo inasema."

Mutumishi anaenda kwa karani, fiche ya paie mukononi, na anasema saa zake za usiku hazikuhesabiwa zote. Karani anatazama ekra na kujibu: "Haiko miye, papa. Masini njo inasema vile." Creuseur anafikisha magunia yake kwenye depo. Mununuzi anaelekeza metorex juu ya mawe, namba inatokea, na ile namba njo bei. Creuseur akisema kwamba jiwe la ile kariyeri analijua tangu miaka, jibu ni lile lile. Dereva wa kamyo juu ya mizani, mutumishi na badge yake mulangoni, mama mwenye kungojea feza kwenye telefone: wote wanapewa jibu moja.

Hatuseme kwamba masini ni mubaya. Mbele yake kulikuwa daftari na kalamu, na karani wa kalamu naye aliweza kukosea, ao kukosea kwa kupenda. Lakini daftari lilikuwa na jambo moja la muzuri: mutu aliweza kusema "fungua tuone", na ukurasa ukafunguliwa. Masini ya leo haifunguke. Njo maana tunasema hivi: swali la kwanza juu ya masini yoyote yenye kuhesabu jasho ya mutu haiko bei yake, wala uzuri wa ekra yake. Swali ni hili: maandishi yake ya ndani yako wazi, ao yamefungwa?

Maandishi ya ndani ni nini?

Masini haina akili yake yenyewe. Inafuata amri. Zile amri kuko mutu aliziandika, mustari kwa mustari, na zote pamoja njo tunaita programu, ao logiciel.

Tuchukue mufano. Kode ya kazi ya inchi yetu, ile ya 2002, inasema kwamba juma la kazi ni saa 45. Kisha zile 45, kila saa ni ya nyongeza na inapaswa kulipwa zaidi. Basi ndani ya programu ya mishahara kuko fasi moja kwenye mutu aliandika namba 45. Kama aliandika 48, masini haitashituka. Itahesabu na 48 mwaka muzima bila kuchoka na bila haya. Mwenye kutumika saa 50 kwa juma atalipwa nyongeza ya saa 2, pahali pa saa 5. Ni saa 3 zenye kupotea kila juma, saa 12 kwa majuma ine. Kwenye kikosi cha watu 200, ni saa 2.400 kwa mwezi mumoja. Na fiche ya paie itatoka safi, na namba zimepangwa vizuri, na stampu juu.

Huu ni mufano tu, hatuhukumu kampuni yoyote. Lakini tujiulize: kama kosa la namna hiyo lingekuwa ndani, nani angeliona? Karani hapana, yeye anaona ekra tu. Mukubwa wa karani naye hapana. Mara nyingi kampuni yenyewe yenye kununua programu haina maandishi yake. Imelipa ruhusa ya kuitumia, ni vile tu. Maandishi yamebaki kwa muuzaji, mbali, chini ya kifungo. Hiyo njo programu ya kufungwa.

Programu ya wazi ni ingine. Maandishi yake yanapatikana. Mwenye kujua kazi hiyo anaweza kuyasoma, kuyapima, kuyarekebisha na kuwapa wengine yale yenye alirekebisha. Wenye ufundi wanaiita open source, na kwa Kifaransa tumezoea kusikia logiciel libre. Kuwa wazi haiko kusema kwamba mushahara wa kila mutu utaonekana kwa wote. Mushahara wako unabaki siri yako. Chenye kufunguliwa ni namna ya kuhesabu, haiko hesabu ya mutu.

Kazi ya matajiri, haiko ya wenye kukosa

Wengine watasema: hayo ni mambo ya wanafunzi wenye kukosa makuta ya kununua programu za kweli. Tuwajibu na historia.

Mwanzo wa miaka ya 1980, kule Marekani, laboratware moja ya chuo kikuu cha MIT ilipewa masini mupya ya kupiga karatasi. Ile masini ilikuwa inakwama. Mwandishi wa programu mumoja, Richard Stallman, alitaka kufanya sawa vile alifanya kwa masini ya zamani: kuongeza mistari kidogo ili masini iwaambie watu wakati karatasi inakwama. Aliomba maandishi ya ndani. Mwenye kuwa nayo alikataa, kwa sababu alikuwa ametia sahihi kwamba hatayatoa. Masini ilikuwa mbele yao, ufundi ulikuwa mikononi mwao, lakini hawakuwa na haki ya kutengeneza. Kila mekanisiye wa kwetu anajua uchungu wa namna hiyo. Katika 1983, Stallman alitangaza mupango wa kuandika programu zenye kila mutu anaweza kuzifungua.

Katika 1991, mwanafunzi wa miaka 21 kule Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza kwamba anaandika moyo wa programu ya kuendesha ordinatere, na aliacha maandishi yake wazi. Ile programu njo Linux. Wakubwa walicheka kwanza, kisha walikasirika. Katika 2001, Steve Ballmer, mukubwa wa Microsoft, aliifananisha Linux na kansere. Lakini maji yalipita chini ya mawe. Katika 2018, Microsoft yenyewe ilinunua GitHub, gala kubwa la maandishi ya programu za wazi, kwa dola miliare 7,5. Tangu mwisho wa 2017, zile ordinatere 500 zenye nguvu kupita zote ulimwenguni zinatembea na Linux, zote 500. Na wewe musomaji, kama uko na telefone ya Android mufukoni, Tecno ao Itel ao ingine, moyo wake ni Linux. Kobalti ya udongo wetu iko ndani ya betri nyingi za dunia, na maandishi ya wazi yako ndani ya telefone nyingi za dunia. Vyote viwili tunavibeba bila kuvijua.

Ndani ya ufundi huo, leo haiko tena mashindano. Mutu mwenye kujenga nyumba hafinyange kila tofali kama matofali yenye kuchomwa vizuri yako tayari. Vile vile mwandishi wa programu, mbele ya kuandika mustari wa kwanza, anauliza: kuko kitu cha wazi chenye kinafanya tayari kazi hii? Imekuwa swali la kawaida, sawa vile muchimbaji anagonga dari mbele ya kuingia. Hata programu zenye kuuzwa kama za kufungwa, ndani yake mumejaa matofali ya wazi.

Hapo njo tunaona jambo la kushangaza. Wenye kutengeneza programu, kwa ajili yao wenyewe, wanapenda kujenga juu ya maandishi yenye wanaweza kuyaona. Basi juu ya nini mutumishi akubali kulipwa juu ya maandishi yenye hakuna mutu wa upande wake aliyeyaona?

Posta ya Uingereza, somo kwetu

Kama kuko mwenye anafikiri kwamba tunaongeza chumvi, asikie mambo ya posta ya Uingereza. Ilikuwa kwa wazungu, kwenye inchi ya sheria, na bado ilifanyika.

Kuanzia 1999, posta ya kule iliweka kwenye ofisi zake ndogo programu ya hesabu yenye jina Horizon, yenye ilitoka kwa kampuni Fujitsu. Wenye kuendesha zile posta ndogo walikuwa watu wa kawaida: mama mwenye duka la kijiji, baba mwenye kuuza magazeti na timbre. Programu ilianza kusema kwamba makuta yanakosekana. Mutu anahesabu franga zake usiku muzima na anaona ziko sawa, lakini masini inasema kunakosekana maelfu. Na mukataba ulisema: chenye kinakosekana, ulipe. Wengi waliuza nyumba ili walipe deni lenye halikukuwa deni. Kati ya 1999 na 2015, watu zaidi ya 900 walihukumiwa kwa wizi ao kwa hesabu ya uongo. Wengine waliingia buloko. Wengine walikufa mbele ya jina lao kusafishwa.

Walipouliza, wengi wao waliambiwa: ni wewe peke yako mwenye shida hii. Na tribinali zilianza na wazo kwamba ordinatere inatumika vizuri mupaka mutu aonyeshe kinyume. Lakini utaonyesha kinyume namna gani, kama hauna haki ya kutazama ndani?

Ilikuwa lazima watu 555 wajiunge, nyuma ya mumoja wao mwenye jina Alan Bates, na kuenda tribinali pamoja. Katika Desemba 2019, muhakimu alisema wazi kwamba ndani ya Horizon kulikuwa makosa yenye yaliweza kufanya makuta yaonekane kama yamepotea. Na katika Mei 2024, bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kufuta hukumu za watu wale. Miaka 25 tangu masini kuwekwa.

Hatuseme kwamba maandishi kuwa wazi yangeponya kila kitu. Mukubwa mwenye roho ya nguvu anabaki na roho ya nguvu. Tunasema kitu kidogo zaidi: kama yule mama wa duka angekuwa na haki ya kuleta fundi wake, na fundi akafungua maandishi na kuweka kidole juu ya mustari, haingeomba miaka 20 na watu 555. Nguvu ya Horizon haikukuwa kutokosea. Nguvu yake ilikuwa kwamba hakuna mutu wa inje mwenye aliweza kuiona inakosea.

Na sisi hapa, tunajua uzito wa hesabu yenye haionekane. Wazee wetu wenye waliacha kazi katika 2003 kwa départ volontaire walirudi nyumbani na karatasi yenye namba chini yake. Miaka imepita, wengine wamezikwa, na nyumbani mabishano ni yale yale: ile namba ilitoka wapi? Hawakubishana tu juu ya ukubwa wa feza. Walibishana juu ya namna ya kuhesabu. Hesabu yenye haionyeshwe haimalizake palabre, inairizisha watoto.

Wengine walishatia jambo hili ndani ya sheria

Ufaransa, katika 2016, ilitunga sheria ya République numérique. Sheria hiyo inakubali kwamba maandishi ya programu za serikali ni karatasi za serikali, na mwana-inchi anaweza kuziomba. Mwaka ule ule, serikali ilifungua maandishi ya programu yenye kuhesabu kodi ya mapato. Mwaka ule ule tena, shirika la wanafunzi wa sekondari liliomba maandishi ya programu yenye kuchagua nani ataingia chuo gani. Wizara iliwatumia, lakini iliyapiga juu ya makaratasi! Ilionekana kama kutoa huku unashika. Hata vile, mulango ulikuwa umefunguliwa.

Italia, sheria inaomba ofisi ya serikali, mbele ya kununua programu, ilinganishe njia zenye kuwa, na programu za wazi ziwe ndani ya ule mulinganisho. Uswisi, kuanzia tarehe 1 Januari 2024, sheria inaomba serikali kuu itoe wazi maandishi ya programu zenye inatengenezesha, isipokuwa kama kuko sababu ya usalama ao haki ya mutu mwengine. Hizi haziko inchi za kuchezea na feza zao. Zimeona kwamba feza ya watu wote ikilipa programu, watu wote wawe na haki ya kuona chenye walilipa.

Hapa kwetu tuliisha kuanza

Musiseme ni mambo ya mbali. Mama mwenye kupeleka mutoto mwenye malaria kwa santé, ile hesabu ya wagonjwa inapanda kutoka santé kuenda zone de santé, na kutoka zone de santé kuenda juu, ndani ya programu yenye jina DHIS2. Wizara yetu ya afya inaitumia. Ni programu ya wazi. Mizizi yake iko Afrika ya Kusini, kisha ubaguzi kuanguka katika 1994, na leo chuo kikuu cha Oslo kinaisimamia na inchi zaidi ya 70 zinaitumia. Basi kama hesabu ya malaria ya Congo inaweza kutembea ndani ya programu ya wazi, hesabu ya saa za mutumishi itashindwa juu ya nini?

Na kuko mufano mwengine, wa mawe kabisa. Zamani mikataba ya migodi ilikuwa siri. Katika 2011, serikali yetu ilitoa dekreti yenye kuomba mikataba ya madini itangazwe. Haikuleta paradiso, tunajua. Lakini tangu pale, mwandishi wa habari, sendika, ao kijana wa universite anaweza kuchukua mukataba, kuweka kidole juu ya artikle na kuuliza. Programu ya mishahara nayo ni mukataba. Inasema saa ngapi ni za kawaida, usiku unaanza saa ngapi, siku ya mugonjwa inahesabiwa namna gani. Tofauti ni kwamba mukataba wa karatasi unangojea mutu autumie, na mukataba wa masini unajitumia wenyewe kila mwezi.

Tena, matajiri wa shaba wenyewe wanajua kanuni hii. Wakati mzigo wa konsantre unauzwa, muuzaji haamini laboratware ya mununuzi peke yake, na mununuzi haamini ya muuzaji peke yake. Wanagawanya sampuli na kuzifunga: moja ya muuzaji, moja ya mununuzi, moja ya kubakishwa kwa muamuzi wa katikati, kama namba zinaachana. Hakuna mutu anamwambia mununuzi "laboratware njo inasema" na mambo kuishia pale. Basi creuseur na magunia yake kumi, juu ya nini aambiwe "metorex njo inasema" na mambo yaishie pale? Ile masini inasoma uso wa kitu chenye kuwekwa mbele yake. Mawe yenye maji yanaweza kutoa namba ya chini kuliko mawe makavu. Sampuli yenye haikusagwa na kuchanganywa vizuri inadanganya. Na namna masini imepangwa, hiyo creuseur hawezi kuiona. Hatuseme kila depo inaiba. Tunasema kwamba mwenye kuuza hana njia ya kujua, na mwenye kununua anajua kwamba muuzaji hana njia.

Wenye kupinga, tunawasikia

Wa kwanza wanasema: ukifungua maandishi, mwizi naye atayasoma. Ni neno lenye uzito, hatulikatae. Katika 2014, kosa lenye walilipa jina Heartbleed lilionekana ndani ya programu ya wazi yenye kulinda siri kwenye intaneti. Katika Desemba 2021, kosa lingine lilionekana ndani ya Log4j, tofali la wazi lenye lilikuwa ndani ya programu nyingi sana. Kuwa wazi haiko uchawi. Maandishi yenye kuwa wazi na hakuna mwenye anayasoma ni sawa na shimo bila mulinzi. Lakini tazameni pia Machi 2024. Mutu mwenye kujificha alikuwa amepoteza miaka akijifanya rafiki, ili atie mulango wa siri ndani ya programu moja ya wazi yenye jina xz. Enjeniere mumoja, Andres Freund, aliona kwamba kuingia kwenye masini yake kunakawia karibu nusu ya segonde. Alifuata ile nusu ya segonde, akafungua, akasoma, na akavumbua mulango mbele usambae ulimwenguni. Kwenye sanduku la kufungwa, angekawia tu na kunyamaza.

Wa pili wanasema: muchimbaji hawezi kusoma yale maandishi, basi yatamusaidia nini? Tunajibu: muchimbaji hasome pia damu yake ndani ya laboratware ya hospitali, lakini anaweza kuenda hospitali ya pili. Sendika inaweza kulipa fundi. Kwenye Lubumbashi na Kolwezi kuko universite na vijana wenye kusomea informatike. Wengi wao ni watoto wa kambi, walilipiwa minerval na jasho ya mugodi. Kazi ya kupima programu ya mishahara ya baba zao, ni kazi ya kweli kwao.

Wa tatu wanasema: vya bure havidumu. Nao wako na haki nusu. Programu ya wazi inaweza kupatikana bila kununua ruhusa, lakini inaomba watu wa kuiweka, kuilinda, kufundisha karani, na kuomba umeme wenye haukatike. Kampuni yenye itaiweka na kuiacha bila fundi itajuta. Lakini ile feza ya kulipa fundi inabaki hapa, kwa kijana wa hapa, na ujuzi unabaki hapa. Feza ya kulipa ruhusa ya programu ya kufungwa inatoka kila mwaka, na siku muuzaji anapandisha bei, unalipa ao unakosa hesabu zako.

Basi tufanye nini?

Hatuombe kampuni zitupe masini zao ndani ya Lualaba kesho asubui. Kuko programu za kufungwa zenye zinatumika vizuri, na kuko kazi zenye programu ya wazi ya kufaa haijapatikana. Chenye tunaomba ni kwamba swali liulizwe kila mara, mbele ya kununua, na jibu liandikwe. Leo halijibiwe juu halijaulizwa.

Kwa wadelege wa sendika: kabla kampuni haijabadilisha programu ya mishahara ao ya pointage, ombeni kikao. Ulizeni kama kuko ya wazi yenye inafaa. Kama wanachagua ya kufungwa, waseme sababu juu ya karatasi, na watoe kanuni zote za hesabu kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, zipachikwe kwenye ubao. Kisha chukueni mifano kumi ya mishahara yenye ninyi wenyewe mumehesabu kwa mukono, na masini ihesabu ile ile mbele ya macho yenu. Kama namba zinaachana, masini ingojee.

Kwa makoperative ya bacreuseur, yenye kode ya madini inawaomba mujiunge ndani yake: muanze na kitu kidogo. Daftari lenu la uzito na la teneri, mulishike ndani ya programu ya wazi, yenu wenyewe, hata ile ya kupanga tablo kama LibreOffice. Mufunge sampuli moja ya kubakisha kila mara mawe yanasomwa. Mutu mwenye hana namba zake mwenyewe anabishana na midomo mitupu.

Kwa serikali ya jimbo na ya inchi: feza ya watu ikilipa programu, watu waione. Kode ya numérique ya 2023 iko tayari. Kuongeza juu yake kanuni ya namna hiyo haiombe kuvumbua moto.

Kwa wazazi: mutoto mwenye kushinda mbele ya ordinatere musimuhesabu mara moja kuwa muvivu. Kama anajifunza kuandika programu, mumuonyeshe fiche ya paie ya baba yake na mumuulize: unaweza kuandika amri zenye zinafika kwenye namba hii? Akishindwa kufika, pengine ni yeye amekosea. Pengine haiko yeye.

Na kama wadelege wanaombwa mustari mumoja tu wa kutia ndani ya convention collective yenye kuja, tunawapa huu, wauchukue na waurekebishe: "Kila programu yenye kuhesabu saa, uzito, teneri ao mushahara wa mutumishi, maandishi yake ao kanuni zake za hesabu zitakuwa wazi kwa sendika na kwa fundi mwenye sendika itachagua, programu yenye haikubali kufunguliwa haitakuwa ushuhuda wa mwisho juu ya mutumishi." Mistari mitatu juu ya karatasi, haikule nafasi. Siku karani atasema tena "masini njo inasema", mutu atakuwa na haki ya kujibu kwa heshima: "Ndiyo, papa. Sasa ituonyeshe."